Anayebaki Nyumbani Naye Anasoma



Ndugu zetu wapendwa, kila ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba, mambo mawili hukutana hapa kwetu Ubaruku. La kwanza ni shamba: vitalu vya mpunga vinataka kuandaliwa, majaruba yanataka kulimwa, na mbegu na mbolea zinataka kununuliwa kabla mvua hazijashika katika bonde la Usangu. La pili ni chuo: vyuo vikuu hufungua milango yake na kudai ada. Mambo haya mawili huingia nyumba moja kwa wakati mmoja, na yote mawili huomba fedha ile ile iliyobaki baada ya mavuno ya Juni na Julai.

Mara nyingi anayedaiwa ada ni mtoto. Leo, hata hivyo, tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya nyumba ambamo anayefungasha sanduku ni baba au mama mwenye nyumba. Tunazungumzia hasa watumishi wa afya: matabibu na wauguzi waliotuhudumia miaka kadhaa katika zahanati na vituo vya afya, wakaoa au kuolewa, wakazaa watoto, kisha wakapata nafasi ya kwenda kusomea shahada ya udaktari. Huyo anayekwenda tunamfahamu, tunampongeza na kumwombea. Yule anayebaki hatumtazami sana, na pengine hata yeye mwenyewe hajitazami.

Njia hii si ngeni katika nchi yetu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wake wazalendo walikuwa 12 tu, jambo ambalo Mwalimu Nyerere alilikumbusha mara kwa mara. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, lakini taifa halikuweza kuwangoja vijana wachache wa shule za sekondari peke yao. Kwa sababu hiyo, kwa miongo mingi, matabibu waliokwisha kufanya kazi vijijini walirudishwa darasani kwa miaka miwili ili wawe madaktari wasaidizi, na akina mama wengi waliopasuliwa salama katika hospitali za wilaya wamepita mikononi mwao. Kozi hiyo baadaye ilikomeshwa, na leo tabibu mwenye stashahada na sifa zinazotakiwa huomba moja kwa moja nafasi ya shahada. Anaweza kupelekwa Muhimbili, Dodoma, KCMC kule Moshi, Ifakara, au Bugando jijini Mwanza, katika chuo cha Kanisa letu kilichoanza kufundisha udaktari mwaka 2003. Mwenye bahati hupata nafasi hapo Mbeya mjini. Wengi wa watu hawa hawakuwa vijana wasio na majukumu. Walikuwa waume na wake za watu. Kwa maneno mengine, sehemu ya hospitali za nchi hii imejengwa juu ya subira ya watu waliobaki nyumbani, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye cheti chochote.

Msimamo wetu katika tafakari hii ni huu: masomo ya udaktari ya mtu aliye katika ndoa si mali yake peke yake. Ni kazi ya watu wawili. Anayebaki si mfadhili anayesubiri fadhila zirudishwe, wala si mzigo unaomchelewesha msomi. Ni mshirika wa kazi ile, mwenye haki zake, na haki hizo zinapaswa kutamkwa kabla sanduku halijafungwa.

Tuanze kwa kuhesabu. Shahada ya udaktari ni miaka mitano. Baada yake kuna mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi katika hospitali, na hospitali hiyo yaweza kuwa mkoa mwingine kabisa. Kwa hesabu ya mkulima wa Ubaruku, hiyo ni misimu sita ya mpunga. Mara sita aliyebaki atatafuta vibarua wa kupandikiza, mara sita atapalilia, mara sita atawaamia ndege alfajiri hadi jioni wakati mpunga unapokomaa, mara sita atahesabu magunia mlangoni pa mashine ya kukoboa. Mwanafunzi akirudia mwaka, jambo linalowapata hata wenye bidii, msimu wa saba unaongezeka. Mtoto aliyeachwa ananyonya atakuwa tayari darasa la kwanza.

Tufahamu pia kwamba masomo haya hayafanani na mengine. Miaka miwili ya kwanza mwanafunzi huzama katika muundo na utendaji wa mwili wa binadamu, na mitihani humfuata wiki kwa wiki. Kuanzia mwaka wa tatu huingia wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Huko kuna zamu za usiku na wagonjwa wasiojua Jumapili wala sikukuu. Likizo ni fupi, na nauli ya kutoka Mwanza hadi kushuka Igawa kwenye barabara kuu ya Zambia, kisha kupitia Rujewa hadi hapa, si ndogo kwa mtu asiye na mshahara. Mwanafunzi asipopiga simu siku tatu, si lazima awe amempata mwingine. Huenda amelala akiwa bado na viatu miguuni. Aliyebaki akijua hili mapema, moyo wake utakuwa na mahali pa kusimama.

Sasa, Mama Kanisa anasemaje juu ya mume na mke kuishi mbalimbali? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1151, inawapa wanandoa wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa pakiwapo sababu halali ya kuwatenganisha. Masomo yanaweza kuwa sababu halali. Lakini ni nani anayeamua kwamba ni halali? Hapa tunapata mwanga kwa Mtume Paulo, katika sura ya saba ya barua yake ya kwanza kwa Wakorinto. Anawaruhusu wanandoa kukaa kando kwa ajili ya sala, ila anaweka masharti ambayo yeyote anayefungasha sanduku angepaswa kuyasoma mara mbili: wawe wamepatana, iwe kwa muda, pawe na shabaha njema, na kisha warudiane.

Tuyachukue masharti hayo moja moja.

Kwanza, kupatana. Kupatana si kupashwa habari. Zipo nyumba ambamo mke alijua kwamba mumewe anakwenda chuoni siku barua ilipofika, wakati maombi yalikuwa yametumwa miezi mitatu nyuma. Zipo nyingine ambamo mume alikubali mbele ya wazee ili asionekane mchoyo, huku moyoni akikataa. Makubaliano ya namna hiyo ni nyufa zilizopakwa chokaa.

Pili, muda. Mwanafunzi anapomaliza udaktari mara nyingi hutamani ubingwa, na ubingwa ni miaka mingine mitatu au zaidi. Nia hiyo ni njema. Lakini aliyekubali misimu sita hakukubali misimu kumi. Safari ya pili inahitaji mapatano ya pili.

Tatu, shabaha. Je, tunakwenda kusoma ili familia hii na wagonjwa wa nchi hii wapate huduma, au tunakwenda kusoma ili tuondoke katika maisha tunayoyaonea aibu? Swali hili hujibiwa katika dhamiri, mbele ya Mungu. Jibu lake huonekana wazi baada ya kuhitimu.

Nne, kurudiana. Hapa ndipo penye kidonda. Bila kufunua siri ya mtu yeyote, tunasema yale ambayo kila jumuiya ndogo ndogo inayajua. Wapo wake waliouza mpunga ungali mbichi jarubani, kwa bei ya hasara, ili ada itimie. Na baada ya sherehe ya mahafali waliambiwa kwamba hawafai tena kusimama kando ya daktari, kwa kuwa mikono yao ni migumu na hawajui kula kwa uma. Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Hapa mambo ni mabaya zaidi: nahodha anamtupa baharini yule aliyepiga makasia.

Ndugu zetu, hili si suala la upendo tu, ni suala la haki. Hata mahakama za nchi zimelitambua kwa namna yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Kwa miaka kadhaa palikuwa na mabishano: je, kupika, kufua na kulea watoto ni juhudi ya pamoja? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali, ingawa kwa mazingira ya shauri lenyewe mama huyo hakupata alichokiomba. Kanuni hiyo imewasaidia akina mama wengi baada yake. Lakini nyumba na shamba hugawanyika, shahada haigawanyiki. Hakuna hakimu awezaye kukata nusu ya elimu iliyo kichwani mwa daktari ampe aliyelipa ada. Ndiyo maana tunasema kwamba mahali ambapo sheria haiwezi kufika, dhamiri na jumuiya ya waamini hazina budi kufika.

Tusidhani kwamba anayebaki daima ni mke. Wauguzi na matabibu wengi ni akina mama, nao wanakwenda shule. Mume anayebaki na watoto hapa kijijini hubeba msalaba wa aina nyingine. Kilabuni anaambiwa kwamba ameoa bosi wake. Ndugu zake humwuliza kwa nini anafua nguo za watoto. Na mke akirudi likizo, kila mtu humtazama tumbo na simu yake. Kwa mume huyo tunapenda kumtaja Pietro Molla. Mkewe, Mtakatifu Gianna Beretta Molla, alikuwa daktari wa watoto kule kaskazini mwa Italia. Ni kweli kwamba Gianna alimaliza masomo yake kabla ya kufunga ndoa mwaka 1955, lakini aliendelea na kliniki yake akiwa mke na mama, na Pietro, mhandisi katika kiwanda cha viberiti, hakuiona kazi hiyo kuwa mshindani wake. Kazi ya Pietro nayo ilimsafirisha mbali, hadi Marekani, na nyakati hizo wawili hao waliandikiana barua ambazo mpaka leo zinasomwa. Gianna alifariki tarehe 28 Aprili 1962, juma moja baada ya kujifungua mtoto wao wa nne. Pietro alibaki na watoto wanne wadogo, na mmoja wao alifariki miaka miwili baadaye. Mwaka 2004, tarehe 16 Mei, mzee huyo alikuwepo Roma Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mkewe kuwa mtakatifu. Mtoto yule wa mwisho, aliyepewa jina la mama yake, naye akawa daktari. Mwanamume aliyebaki hakupungukiwa na uanaume wake kwa kuwalea.

Kuna wanaotupinga, nasi tunaheshimu hoja zao. Wanasema: mwanafunzi wa udaktari ana mzigo wa kutosha, mkimwekea na madai ya mwenzi wake, atafeli, na wote watapoteza. Tunajibu kwamba abebwaye hujikaza. Hatumtaki mwanafunzi atume fedha asizokuwa nazo, wala aache wodi akimbilie nyumbani kila mtoto anapokohoa. Tunamtaka atoe kile alicho nacho: ukweli, kwa wakati wake. Aseme mtihani ulivyokwenda, hata kama ni vibaya. Aseme mkopo wa serikali umechelewa. Aulize mpunga umeota vipi na asikilize jibu. Dakika kumi za namna hiyo jioni ya Jumapili hazimfelishi mtu.

Wengine wanasema: anayebaki avumilie tu, kwani akishahitimu mwenzake, shida zitakwisha. Hapa tunapaswa kusema ukweli bila kupaka mafuta. Zamani mhitimu wa udaktari aliajiriwa karibu mara tu amalizapo. Siku hizi sivyo. Tunakumbuka mwaka 2017, nchi yetu ilipokuwa tayari kupeleka madaktari 500 Kenya, na shauri likakwama mahakamani huko. Serikali ikawaajiri hapa nyumbani madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda. Maana yake ni kwamba mamia ya watu waliosomea udaktari walikuwa wakisubiri kazi, na subira hiyo haijakwisha. Tena, aliyekopa Bodi ya Mikopo atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Aliyebaki asiposhirikishwa habari hizi, ataona mshahara mdogo wa mwanzo na kudhani kwamba mwenzake anaficha fedha. Ndoa nyingi hazivunjwi na umaskini; huvunjwa na hesabu iliyofichwa. Mali bila daftari, walisema wazee, hupotea bila habari.

Mtu anaweza kutuuliza sisi mapadre: ninyi mnajua nini juu ya mambo haya? Ni swali la haki. Sisi tulisoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi, wala hapakuwa na mke aliyetungoja wala mtoto aliyesahau sura zetu. Lakini jambo moja tunalijua vizuri. Hatukujisomesha. Waamini walileta mchele, maharage na sadaka zao ili seminari ziendelee, na siku ya upadrisho wetu walisema kwa haki kabisa kwamba padre huyu ni wao. Hakuna padre anayeweza kusema kwamba daraja yake ni jasho lake mwenyewe. Ikiwa hivyo ndivyo kwa padre aliyesomeshwa na watu wengi asiowajua, je, si zaidi kwa daktari aliyesomeshwa na mtu mmoja anayemjua, tena aliyekula naye kiapo mbele ya altare?

Basi, tunapendekeza mambo manne kwa parokia yetu.

La kwanza, wanandoa ambao mmoja wao anajiandaa kwenda masomoni wakae pamoja, ikiwezekana na wasimamizi wao wa ndoa, waandike kwenye daftari: miaka mingapi, ada itatoka wapi, shamba lipi haliuzwi kwa hali yoyote, nani atakaa na watoto, na mara ngapi kwa mwaka wataonana. Nauli ya mwenzi aliyebaki kwenda kumtembelea mwanafunzi ihesabiwe kama sehemu ya ada, isionekane kuwa anasa.

La pili, jumuiya ndogo ndogo ziitazame nyumba ya aliyebaki kama nyumba yenye mgonjwa au msiba: kwa msaada wa mikono. Siku moja ya kupandikiza pamoja katika jaruba lake inaweza kumwepusha na mkopo wa riba. Badala ya hayo, mara nyingi tunampa macho yetu na ndimi zetu: nani ameingia kwake, ametoka saa ngapi. Ulinzi wa namna hiyo haumlindi mtu.

La tatu, tuwaangalie watoto. Mtoto akiambiwa kila siku kwamba baba au mama yuko chuoni kwa ajili yake, huanza kujiona kuwa ndiye sababu ya kutokuwepo kwake. Aambiwe ukweli kwa lugha ya umri wake: kwamba mzazi anajifunza kuwatibu watu, kwamba atarudi, na kwamba siku za kurudi zinaweza kuhesabiwa kwenye kalenda iliyobandikwa ukutani.

La nne ni dogo, lakini tunalipenda. Mhitimu anapotoa shukrani kanisani, tumezoea kumwita mbele peke yake akiwa na joho lake. Tangu sasa tungependa kuwaita wote wawili, na wa kwanza kupewa mkono wa pongezi awe yule ambaye hana joho.

Kwa ninyi mnaobaki, ambao usiku huu mtawalaza watoto peke yenu na kuamka alfajiri kwenda shambani, tunasema: Mungu anaiona kazi yenu. Msione haya kudai simu, kudai ukweli, kudai kutembelewa. Kudai haki ndani ya ndoa si ukosefu wa imani. Nanyi mlioko chuoni, siku mtakapoitwa madaktari, kumbukeni kwamba kila mgonjwa mtakayemgusa ametanguliwa na mtu aliyekubali kukaa bila ninyi ili mikono yenu ifundishwe.

Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari, mke na mama, aziombee familia zetu. Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie walio mbali na walio nyumbani. Amina.